Simu Ndani ya Mzinga

Nina mdomo, sikatai. Hapa mtaani Ng'ambo husemwa kwamba ukipeleka simu kwa fundi Najiat, ndiye mimi, simu itapona ila masikio yako yataumwa.

Mwaka juzi Mzee Marko, mrina asali wa kijiji cha Usinge, alinionyesha betri iliyovimba huku akicheka. Nikawaka.

"Baba, hiyo inaweza kulipuka! Simu mbovu zote ziweke mbali na watoto!"

Nilitaka kuongeza kwamba aniletee mimi, maana nina pipa la simu mbovu ambazo hupelekwa Dar kwa watu wa kuzichambua. Akaingia mteja mwingine, nikasahau.

Mwezi uliopita alirudi, uso umemshuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, nyuki wameniponza."

Kumbe alikusanya simu mbovu sita za nyumbani, akazitia kwenye mzinga wake mkuukuu wa gogo, akautundika mtini huko porini. Alijiambia mionzi ya simu hizo ibaki juu na ndege. Mrina gani anasahau kwamba mzinga mtupu ni nyumba inayosubiri wapangaji? Nyuki wakahamia. Msimu huu mizinga yake mingine haikuwa na kitu, ila ule ulijaa pomoni. Na asali alishawaahidi wakwe, kwa harusi ya binti yake Kulwa siku ya Jumamosi.

"Nikiirina, nani atajua?" alininong'oneza. Kisha akajijibu mwenyewe: "Nitajua mimi."

Kesho yake nilikwenda naye Usinge. Alipanda na moshi wake, mimi nikabaki chini nimejifunika kanga gubigubi. Aliposhusha mzinga tulikuta simu zote sita zimezibwa kwa gundi ya nyuki, na masega yamejengwa upande wa pili.

"Wametuzidi akili," alisema.

"Wametuzidi, baba. Ila tazama, betri hii imevuja. Simu iliyozimika haitoi mionzi, ubaya wake umo humu ndani. Asali hii haifai kuliwa."

Aliyatazama masega yale. Niliona aibu kweli.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nilikufokea, sikukueleza."

Nikavaa glavu, betri iliyovuja nikaifukia kwenye kopo la mchanga, simu nikazitia ndooni.

Jumamosi Mzee Marko alisimama mbele ya wakwe mikono mitupu, akasimulia yote bila kuficha hata moja. Mimi nilikuwa kando yake na ndoo yangu. Baba wa bwana harusi, Mzee Hilari, akainamisha kichwa, nikajua tumekwisha.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "zangu nimezificha kwenye ghala la mahindi."

"Zangu zimo kwenye mtungi!" mama mmoja akadakia.

"Mimi nazilalia," akasema mwingine, "ziko chini ya godoro."

Watu walivunjika mbavu, kisha wakaenda makwao kuzileta. Kabla pilau haijaiva, ndoo yangu ilikuwa imejaa, wakaniongezea sufuria. Mzee Marko alicheka mpaka akajifuta machozi, na Kulwa akaolewa bila hata tone la asali.

Siku hiyo sikumfokea mtu. Walinizunguka na maswali yao hadi pilau yangu ikapoa, nami nikajibu kila moja mpaka mwisho.