Miwani ya Mama Pazia

Magodoro yalipangwa mpaka darini, na muuzaji alikuwa anayapigapiga kwa kiganja kama anayesifia ng'ombe.

"Hili dada, ukililalia leo unaamka keshokutwa."

Dada mwenyewe hakuwa anaangalia magodoro. Alikuwa anaangalia chini, kwenye mbao za jukwaa, palipokuwa na alama nyeusi yenye ncha. Alama ya pasi. Aliiunguza yeye, miaka tisa iliyopita, ukumbi huu ulipokuwa bado wa maigizo na yeye akiitwa Pasi.

Alimaliza darasa la saba, mjomba wake akamleta kunyoosha mavazi ya kikundi. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa: meza, gunia la mkaa, kamba ya nguo na kidirisha kisichofunga. Mama Pazia, mwigizaji mkongwe kuliko wote, alikuwa akija humo kila asubuhi kabla wenzake hawajafika. Anakaa juu ya kasha la viatu, anasema, "Haya mwanangu, nipe maneno."

Pasi anasoma, mkono mmoja karatasi, mkono mwingine pasi ya mkaa. Mama anafumba macho. Sentensi akiisikia mara mbili imeingia, haitoki tena. Kusoma alikuwa hajui hata herufi moja, na siri hiyo walikuwa nayo wao wawili tu. Wengine walimwona na miwani yake yenye mkufu wa shanga, ameinamia karatasi, anatikisa kichwa taratibu, wakajua huyu kasoma mpaka basi.

Mwaka ule walikuwa na igizo la mama aliyeitwa mahakamani. Mwanawe amevunja duka, amekamatwa dobi asiyehusika. Hakimu anamwuliza mama: siku ile mwanao alilala nyumbani? Akisema kweli, anamfunga mtoto wake. Akidanganya, anamfunga dobi. Kila onyesho Mama Pazia alikuwa ananyamaza kwanza, na ukumbi mzima unanyamaza naye, husikii ila feni. Halafu anajibu kwa sauti ndogo: "Hakulala."

"Mimi ningesema alilala," Pasi alimwambia siku moja, akinyoosha joho la hakimu. "Mtoto ni wako. Dobi naye ana mama yake."

"Hapo sasa. Ana mama yake," Mama akasema. "Nyoosha hiyo kola, imekunja uso kuliko hakimu."

Ikaja Jumamosi moja. Saa nne asubuhi mwongozaji, mtu mrefu asiyecheka ovyo, akaingia na bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Nimebadilisha mwisho, Mama. Ukishasema 'hakulala', hakimu anakupa barua ya mwanao, unaisoma. Sikuonyeshi sasa, nataka uso wako uikute palepale. Nimekurahisishia, kukariri hakuna. Unasoma tu."

Mama Pazia alikuja chumba cha nguo. Alivua miwani akamtilia Pasi mkononi.

"Ifiche. Pasipo miwani mwongozaji atampa mtu mwingine asome. Ifiche hata mimi nisijue."

Pasi akaizamisha kwenye gunia la mkaa, akaendelea na kazi.

Mwongozaji alikuwa na utaratibu wake: kitu kikipotea, kabla milango haijafunguliwa kila mtu anapanda jukwaani, anaulizwa mmoja mmoja usoni. Saa nane, Mama aliposema haioni miwani yake, wakaitwa. Pasi aliitwa kwa haraka hata akaja na pasi yake mkononi.

"Sijaiona," alisema zamu yake ilipofika. Ilitoka kirahisi, ikamshangaza mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa Komeo, mzee wa mlangoni, aliyekuwa na tabia ya kusema maneno ya igizo kabla ya waigizaji wenyewe, watu wakacheka. Mtu mmoja alikuwa amemwona akitoka chumba cha Mama cha kuvalia.

"Nilipeleka maji," Komeo akasema. "Kila siku napeleka maji."

"Toa funguo, mzee. Kazi imekwisha."

Komeo akaanza kufungua kamba ya funguo kiunoni. Fundo liligoma, na hakuna aliyemsaidia. Pasi akamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama ubao wa jukwaa kama ameangusha sindano. Hapo ndipo Pasi alipoona amesimama pale pale anaposimama shahidi, na dobi ni huyu hapa, anahangaika na fundo.

Akaweka pasi chini, akasogea mbele.

"Nimeificha mimi."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa moja, na lingemvua Mama nguo mbele ya watu.

"Nilikuwa nacheza tu."

"Unacheza," mwongozaji akasema. "Haya. Leo ukishakunja nguo, nenda kwenu usirudi."

Komeo akanusa. "Jamani, mbao inaungua."

Saa tisa ukumbi ulijaa. Pasi alisimama nyuma ya pazia na kifurushi chake. Mama Pazia alivaa miwani, vioo bado vina weusi wa mkaa pembeni. "Hakulala," akasema. Hakimu akampa bahasha. Akaifungua, akaitazama barua, akaitazama, mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani kwa hakimu.

"Mheshimiwa, mimi kusoma sijui. Hii ni ya kuzugia watu. Kuna binti hunisomea, kila neno nililowahi kulisema mbele ya watu kanipa yeye. Leo amefukuzwa kwa aibu yangu mimi. Naomba aitwe."

Watu walidhani ndilo igizo lenyewe. Mama mmoja kiti cha mbele alishaanza kujifuta macho. Hakimu, jasho linamtoka, alitupa jicho kwa mwongozaji upande wa pazia. Mwongozaji akamsukuma Pasi kidogo begani.

"Nenda."

Akaenda hivyo hivyo, aproni imejaa mkaa, akaisoma barua ile kama alivyozoea, polepole, kila sentensi mara mbili. Mama alifumba macho.

Baada ya makofi mwongozaji alisema kitu kimoja tu: "Jumatatu uje mapema. Nimeandika maneno mapya, umpe Mama."

Alikuja Jumatatu hiyo na nyingine nyingi, mpaka kikundi kilipovunjika na ukumbi ukauzwa.

"Dada, unachukua au unaangalia mbao?" muuzaji akauliza.

"Nachukua. Nipe gumu, mgongo unamsumbua."

"Nani, mama mzazi?"

"Mama," akasema.

Muuzaji akaliburuta godoro, akataka kulilaza juu ya ile alama ili alifunge kamba.

"Hapo usiweke," akamwambia. "Weka kule. Nikifika ataniuliza kama bado ipo."