Mpishi Aliyeonja Kwanza

Maharamia walipopanda melini, mpishi alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Alisikia ngazi ya chuma ikigonga ubavu wa meli, kisha risasi, kisha sauti ya nahodha kwenye kipaza sauti ikiwasihi mabaharia wasijitie ushujaa.

Wenzake wote walifungiwa katika chumba kimoja, madirisha yakazibwa kwa magodoro. Yeye aliachwa jikoni, maana hata watu wenye bunduki wana matumbo.

Kiongozi wao, mtu mfupi waliyemwita Mjomba, aliogopa sumu kuliko manowari. Kila chakula kilipoiva alimwita mpishi kwenye chumba cha usukani, akamkalisha sakafuni kati ya vijana wake.

"Kula wewe kwanza, mwanangu. Kula ushibe."

Mpishi alikula. Walimkodolea macho wakingoja afe. Alipokataa kufa, nao wakala. Baadaye walizoea wakaanza kumtania, wakimwita bibi harusi kwa kuwa alitafuna kwa aibu.

Wenzake aliwapelekea wali mkavu, kipimo alichokitaka Mjomba. Mlango ulipofunguliwa, walimwona ana mafuta mdomoni. Alitamani kuwaeleza, lakini mlinzi alisimama nyuma yake, na kuzungumza kulikatazwa. Siku moja alificha vipande vya nyama chini ya wali. Mlinzi akavigundua, akampiga kwa kitako cha bunduki hadi jino likang'oka. Hayo wenzake hawakuyaona. Waliona tu shavu lililovimba kesho yake, na mmoja akanong'ona, "Mwenzetu ananenepa mashavu."

Miezi ikapita. Wenye meli wakaelewana na maharamia juu ya fidia, na asubuhi moja maharamia wakaanza kuteremka. Mabaharia walikuwa wametolewa nje, wamepangwa ukutani. Mjomba alimwendea mpishi mbele ya wote, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru. Mpishi angeona afadhali kofi.

Boti zao zilipotokomea, watu walikumbatiana na kulia. Serahangi, msimamizi wa mabaharia na mwenzake wa karata tangu zamani, alimpita kama anayepita nguzo. Mpishi akamfuata.

"Ndugu yangu, nilikuwa naonjeshwa. Walidhani nitawatilia sumu."

"Na kwa nini hukuwatilia?"

Sumu ya panya ilikuwepo stoo, kila mtu aliijua.

"Wahenga hawakukosea," serahangi akasema. "Mla nawe hafi nawe."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto, kwa hiyo wenzako walitaka ufe ndipo wakuamini?"

"Hawakusema hivyo."

"Basi walisemaje?"

Mkewe alikuwa upande wake, lakini hakuwahi kukaa kwenye chumba kile walimofungiwa mabaharia, na wala mpishi mwenyewe hakuwahi kukaa humo. Hilo ndilo lililomsumbua: hata mateso ya wenzake hakupata kuyashiriki.

Alimpigia serahangi simu mara nyingi. Mwishowe akapokea mke wa serahangi.

"Shemeji, amesema nikuambie hayupo."



"Haya, shemeji. Akirudi, msalimie."

"Nitamsalimia," mwanamke akajibu kwa upole, na simu ikakatika.

Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye meli nyingine. Nahodha mpya, mtu mcheshi, alimuuliza kama amewahi kukutana na maharamia.

"Hapana," mpishi akasema. "Mungu amenisitiri."

Mabaharia wale walimpenda tangu siku ya kwanza. Walisifu mchuzi wake, wakamsogezea kiti kwenye meza yao ndefu. Aliwaambia ana sufuria motoni. Akarudi jikoni, akaegemea sinki la kuoshea vyombo, akala wima, huku vicheko vyao vikimfikia kupitia kidirisha cha kupitishia sahani.