Alichokana Madam Kalista

Madam Kalista alizaliwa Msanzi, kwa wakulima wa ulezi, na alifundisha miaka ishirini na sita katika chuo kikuu cha kanisa mjini Sumbawanga. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kiliwahi kumwita, akakataa. Alisema Mungu amemweka Ufipa ili watoto wa wakulima na wavuvi wapate walimu wazuri, na aliliamini neno hilo kwa moyo wote. Jumamosi aliwafundisha bure waliolemewa na hisabati. Aliyeugua alimpelekea uji bwenini.

Mwaka 2016, siku mbili kabla ya mitihani, alikuwa ofisini akiandaa mafungo ya kiroho ya wanafunzi. Stumai wa mwaka wa pili, binti wa mvuvi wa Kasanga, akasimama mlangoni.

"Madam, wamenipigia kutoka nyumbani. Kaka yangu amezama ziwani. Naomba ruhusa."

"Pole sana, mwanangu. Nenda tu. Fomu tutajaza ukirudi."

Mwili ulipatikana siku ya sita. Stumai aliporudi, mitihani miwili ilikuwa imempita, akaitwa mbele ya kamati. Wiki ileile mkuu wa chuo, Padre Adriano, alikuwa amewaonya walimu kwamba atakayemruhusu mwanafunzi bila maandishi hatapewa cheo chochote. Na jina la Kalista lilikuwa mezani kwake kwa nafasi ya mkuu wa taaluma.

"Madam Kalista aliniruhusu," Stumai alisema.

Wote wakamgeukia Kalista, aliyekuwa mmoja wa wajumbe.

"Sikumbuki kumruhusu," akasema.

Stumai alimtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. Hakubishana, na kamati ikaamua afukuzwe kwa kudanganya. Jioni hiyo alifungasha vitu vyake, na mwezi uliofuata Kalista akapata cheo.

Alijiambia kwamba kwa cheo kile angesaidia wengi, na kweli aliwasaidia. Lakini kila Misa, walipofika kwenye kuungama kosa la kutotimiza wajibu, sauti yake ilififia. Aliungama kwa padre mgeni, naye akamwambia amtafute binti huyo. Alikubali. Miaka minane ikapita, kila likizo akipata udhuru.

Siku ya kumuaga akistaafu, msichana mmoja alisimama akasema, "Mama huyu hajawahi kumwacha mwanafunzi wake." Watu walipiga makofi. Kalista aliacha chakula mezani, na Jumatatu akapanda gari la Kasanga.

Alimkuta Stumai akianika dagaa nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Madam," Stumai alisema, mikono ikiwa bado kwenye dagaa.

"Marahaba. Stumai, nilikumbuka. Siku ile kwenye kamati nilikumbuka kila kitu."

"Najua."

"Niliogopa kukosa cheo."

"Na mimi niliogopa, Madam. Lakini nilisema ukweli." Aligeuza dagaa waliokuwa bado wabichi. "Baba aliuza mtumbwi ili nisome. Alipoambiwa nimedanganya chuoni, aliacha kuniita kwa jina. Alikufa mwaka juzi, hatujapatana."

Kalista alirudi Sumbawanga, akaandika yote bila kujitetea, akampelekea mkuu wa chuo aliyepo sasa. Baada ya miezi mitatu uamuzi ule ulifutwa, na Stumai akaandikiwa barua kwamba anaweza kurudi mwaka wa pili. Kabla barua haijatumwa, Kalista akampigia simu kumweleza.

"Sitarudi," Stumai alisema. "Nina watoto wawili, na mama hawezi kubaki peke yake. Lakini hiyo barua ilete wewe mwenyewe. Uisome mbele ya mama."

Kalista alienda. Aliisoma barua yote mkekani, kisha akaongeza kwa mdomo wake kwamba binti hakudanganya, aliyedanganya ni yeye. Mama Stumai alisikiliza huku amefumba macho.

"Nimesikia," alisema mwishowe. "Ila anayestahili kusikia haya ni baba yake."

Stumai aliichukua barua, akaikunja, akaenda nayo ndani. Aliporudi alimletea mgeni maji ya kunywa, akamwonyesha mahali gari la jioni linaposimama. Kalista alikunywa maji yote, akashukuru, akaondoka bila kuomba asamehewe. Aliona kuomba kungekuwa kumwongezea Stumai mzigo.