Mke Aliyemtaja Mumewe

Ndimu ndizo zilizomtia Sengamalam wasiwasi. Kila Jumamosi mumewe alipotoka kuoga, nywele zake zilinukia ndimu, na aliyemsugua kichwa si mwingine ila mama yake, Bi Dharmambal, tena mlango umetiwa komeo. Sasa jamani, pale Kumbakonam, mji wa Watamil huko India, hata mtoto anajua: ukimwambia mtu akapakwe ndimu kichwani, umemwita mwendawazimu.

"Za nini ndimu, mama?" aliuliza siku moja.

"Za mba," mama mkwe akajibu bila kumtazama. "Na pua yako imezidi, wewe. Mara wasikia harufu, mara wasikia watu wakinong'ona. Hebu jiangalie, usije ukawa una lako jambo."

Hapo akang'amua. Kumbe maneno yale, kwamba yeye ndiye mwenye wazimu, yalishatembea mtaani! Kisimani wanawake walikuwa wakimpisha, wakimsemesha polepole kama mgonjwa. Na nyuma yake alikuwa na wadogo zake wawili, bado hawajaposwa. Akirudishwa kwao kwa jina la wazimu, nani atabisha hodi kwa mabinti wale? Basi akafunga mdomo, akafungua macho.

Mumewe mwenyewe alikuwa mpole, maji ya mtungi. Ila mara nyingine, tonge la wali wa mtindi likiwa mkononi, aligeuza shingo akaitikia "Naam," na hakuna aliyemwita.

Ilikuwa ile miaka sinema za Kitamil ndiyo kwanza zimeanza kusema, si bubu tena. Ikaja moja mjini, ya ndoa iliyoingiliwa na wazimu, watu wakawa wanatoka wakijifuta machozi. Bi Dharmambal akaamua waende wote watatu, mchana. "Ukajionee mwenyewe," akamwambia mkwewe. Sengamalam akajua hapo hatembezwi, anasutwa.

Loh! Kumbe mama mkwe hakuuliza vizuri kabla ya kwenda. Katika sinema ile mwenye wazimu alikuwa mume. Sengamalam, pale upande wa wanawake, hakutazama pazia la sinema. Alimtazama mama mkwe, akaona jasho linamtiririka. Akageukia upande wa wanaume, akamwona mumewe amesimama, anatikisa kichwa kama mtu anayebishana, kisha akatoka.

Naye akainuka. Mama mkwe akamvuta sari. "Kaa! Utatuaibisha!"

Akajinasua, akatoka mbio. Mumewe alikuwa anashuka ngazi za bwawa la hekalu, ng'ambo ya barabara, na nguo zake mwilini, na kuogelea hajui.

"Mnasikia?" Sengamalam akapaza sauti. Ndivyo wake wa kule wanavyowaita waume zao; jina halitajwi hata nyumba ikiwaka moto. Wakageuka wanaume watatu waliokuwa wakioga, waume za watu. Wa kwake hakugeuka. Maji yakamfika kifuani.

"Sabesan!"

Weee! Muuza maua akashika kinywa.

"Mmesikia?" Bi Dharmambal alikuwa ameshafika, anahema. "Mke anamtaja mumewe jina, hadharani! Nilisema ana wazimu, mkadhani namsingizia!"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Sengamalam akaona amejimaliza kwa ulimi wake mwenyewe, na wadogo zake kawamaliza. Alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia. Liwalo na liwe. "Sabesan! Wewe Sabesan!"

Mumewe akageuka.

"Hiyo sauti yako nimeisikia," akasema, kama aliyestaajabu. Kisha akamtazama mama yake. "Mwache, mama. Anayesikia sauti ni mimi. Uliniambia ukiniozesha zitanyamaza. Hazikunyamaza."

Bi Dharmambal akakaa palepale kwenye ngazi, akajifunika uso kwa upindo wa sari.

Sengamalam akashuka mpaka maji yakamfika magotini. Alimwonea huruma mtu yule, na papo hapo alitaka kumzaba kofi.

"Toka majini kwanza, Sabesan," akamwambia. "Halafu utanieleza yote, tangu kabla hujanioa. Na mama yako akae asikilize."