Marehemu Amekosa Usafiri

Aliyempika ng'ombe wa marehemu mume wangu anaitwa Mihoko, mke wa mwanangu. Sisemi hivi kwa ubaya. Nasema kwa hasira, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Siku za Obon wafu wetu hurudi nyumbani. Tunawatengenezea farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, waje mbio, na ng'ombe wa bilinganya, waondoke taratibu. Mwaka huo nilimtengeneza farasi vizuri, nikamtengeneza ng'ombe vizuri zaidi, kwa sababu kumpokea Kihachi ni wajibu lakini kumsindikiza ni raha. Nikawaweka madhabahuni, chini ya picha yake akiwa amekunja uso.

Siku ya kuwaaga nikatoka kununua ubani. Niliporudi, jikoni kunanukia. Mihoko alikuwa amemng'oa ng'ombe miguu, akamkatakata, akamkaanga kwa miso, ile rojo yetu ya soya.

"Mama, si lingeoza tu pale?" akaniambia. "Wewe mwenyewe husema chakula kisitupwe."

"Nilisema chakula. Sikusema usafiri wa baba mkwe wako!"

Mwanangu Tadao alikuwa anatafuna. "Limeiva vizuri," akasema. Huyo nilimzaa mimi, sina wa kumlaumu.

Tukawasha moto wa kuaga mlangoni hivyo hivyo. Asubuhi yake nikaingia sebuleni, nikamkuta Kihachi ameketi mahali pake pa zamani, miguu haipo, kama mizimu yote ya kwetu, uso ule ule.

"We! Chai!"

Kihachi alikuwa mkuu wa posta ya mji wetu. Alijua kwa moyo jina la kila mtu mpaka nyuma ya vilima, la mkulima na la mama mkwe wa mkulima. Mimi mkewe aliniita We tu. We chai, we koti, we zima taa. Nilimzika mtu huyo, nikalia inavyopasa, nikapumzika. Sasa amerudi, na bado ana kiu.

Moto wa kuaga ukishazimika, njia imefungwa mpaka Obon nyingine. Nilijaribu kumtengenezea ng'ombe mwingine, nikamtengenezea na wa tatu mwenye pembe. Wakaoza mezani. Kihachi hakuweza hata kuvuka kizingiti. Na kwa kuwa hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, nikawa nagombana peke yangu. Nilimsikia Mihoko akimnong'oneza Tadao, "Mama anautukana mto wa kukalia."

Haya yote ningeyavumilia, kwani nimevumilia makubwa zaidi. Lakini kulikuwa na Bwana Isokawa.

Bunpei Isokawa ni fundi wa mikeka ya sakafuni, mjane kama mimi. Kila vuli huja kubadilisha mikeka yangu. Anapiga magoti, anapapasa ukindu, anasema, "Bi Tsuruyo, huu umechoka," hali mkeka ni mzima kuliko yeye. Kisha anakunywa chai, anatazama mikono yake, anaaga. Mwaka huo alikuja na shati jipya, na nywele zake chache amezilaza kwa maji. Nikajua leo atasema. Nami nilikuwa na jibu tayari, nimelilaza kifuani tangu majira ya maua: ndiyo, nitakuja kuishi kwako, nitoke kwenye nyumba hii kabla haijanizeesha.

"Bi Tsuruyo," akaanza, "mimi... nyumba yangu, kwa kweli, ni kubwa kwa mtu mmoja..."

Kihachi akampulizia sikioni. Pumzi ya mfu ni baridi kama kisima. Bwana Isokawa akasahau neno, akaanza upya. Kihachi akasukuma kikombe, chai ikamwagika pale ambapo mwanamke mwenye heshima hapaswi kutazama. Nilitazama. Maskini akaruka, akaomba radhi, akaondoka amejifunika kwa kofia.

Nikamgeukia yule mfu.

"Huna haya? Ulipokuwa hai hukuniangalia hata siku nilipokatwa nywele zote kwa homa, leo unaona wivu?"

"Mke wangu haolewi na mtu wa mikeka."

"Wewe umekufa!"

"Nimekufa lakini sijakuacha. Nenda makaburini ukasome. Jiwe langu lina majina mawili. Kihachi, na pembeni Tsuruyo. Wewe ni wangu hata ukiwa majivu."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina langu kinywani mwake, na alilitaja kama anuani ya kifurushi. Hapo damu ikanipanda. Kwetu mume akifa, jina la mke anayebaki huchongwa palepale kando ya lake na kupakwa rangi nyekundu, na mjane hupita kila wiki na ndoo ya maji kulisafisha jiwe lenye jina lake mwenyewe. Nilikuwa nimelisafisha bila kunung'unika. Kesho yake nikachukua kisu cha kuparia magamba ya samaki, nikapanda kilimani nyuma ya hekalu.

Nilikwangua! Nilikwangua herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, vumbi jekundu likinijaa kucha, nikimtukana Kihachi na posta yake na muhuri wake. Sikuweza kulifuta jina lenyewe, jiwe ni gumu, lakini ile rangi yake niliitoa yote, hata chembe haikubaki. Bi Kajitani, jirani yetu wa pili, akapita na maua ya mumewe. Nilikuwa nimeinama nyuma ya jiwe, hakuniona. Akasoma, akashika mdomo, akateremka kilima mbio kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Nikadhani ameshikwa na tumbo.

Nikakaa pale kwenye kivuli mpaka alasiri, hasira ilipopungua kiasi cha mtu kuweza kutembea. Nilipokaribia nyumbani, viatu vyeusi vimejaa mlangoni. Ndani watu wamevaa nguo za msiba. Kuna maua meupe, kuna sinia za wali, na mzee wa hekalu anafungua kitabu chake. Tadao amesimama katikati amepigwa na bumbuwazi.

"Lakini asubuhi alikunywa supu!" anasema.

"Jiwe halidanganyi, mwanangu," Bi Kajitani analia. "Rangi nyekundu imeondolewa!"

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Nyekundu maana yake yu hai. Rangi hutolewa siku mwenye jina anapokufa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na kisu cha samaki, nimetangaza kifo changu mji mzima.

Nikataka kuingia niwafokee. Lakini nikasikia sauti ya Bwana Isokawa, nikajibanza nyuma ya mlango wa karatasi. Sikusikiliza kwa siri. Nilikuwa kwenye msiba wangu, nina haki.

"Nilikuja jana," alikuwa anasema, amepiga magoti mbele ya watu wote, pua inachuruzika. "Nilikuja kumwomba Bi Tsuruyo awe mke wangu. Nikamwaga chai. Miaka yote naogopa, na jana nikamwaga chai nikakimbia kama mtoto. Sasa nitamwambia nani?"

"Niambie mimi!" nikasema, nikausukuma mlango.

Bi Kajitani akaanguka kwenye sinia ya wali. Mzee wa hekalu akafunga kitabu kwa kishindo. Mihoko akapiga kelele, na Kihachi, aliyekuwa ameketi juu ya maua yangu ya msiba, akainuka.

"We! Fukuza watu hawa! Umenitia aibu!"

"Nyamaza!" nikamwambia. Watu wote wakanyamaza, maana hawakujua namwambia nani. "Ulisema mimi ni wako kwa mujibu wa jiwe. Haya, nenda kalisome jiwe sasa. Linasema mkeo amekufa. Mimi na wewe tumemalizana. Bwana Isokawa, sema!"

"Sasa hivi? Mbele ya..."

"Mbele ya msiba!"

"Uje ukae kwangu," akasema kwa sauti ya mtu anayezama. "Tafadhali."

"Ndiyo."

"Mama!" Tadao akashika kichwa. "Watu watasemaje?"

"Wameshasema nimekufa. Wataongeza nini?"

Nikafunga nguo zangu kwenye kitambaa. Kihachi akanifuata mpaka kizingitini, hapo akakwama kama gari kwenye matope. "We! Na chai yangu je? Nani atanipa chai?" Mihoko akampitia katikati na ufagio, akakusanya wali, akatetemeka kidogo, akasema nyumba hii ina upepo. Nikampa Kihachi mgongo. Angalau yeye ana mahali pa kukaa hapo, na wa kumpikia bilinganya.

Njiani Bwana Isokawa alibeba kifurushi kwa mikono miwili.

"Bado umekasirika, Bi Tsuruyo?"

"Sana."

"Umemkasirikia Tadao? Atatulia."

"Nimekukasirikia wewe! Kila vuli unang'oa mikeka yangu mizima, unakunywa chai, unakwenda. Mpaka nife ndipo ufumbue mdomo! Na kama ningekuwa nimekufa kweli?"

Akakiweka sawa kifurushi kwanza, huyu si mtu wa haraka. "Ningekuja na maua yale yale niliyoleta msibani," akasema.

"Mjinga wee! Ningeyafanyia nini?"

Nikamgombeza barabara nzima, mbele ya duka la samaki na mbele ya kinyozi, na nilipomaliza ya kwake nikamwekea na ya Kihachi juu yake, kwa kuwa yule hakuwahi kusikiliza. Huyu alisikiliza kila neno, akiitikia, "Ni kweli. Ni kweli." Tulipofika kwake akafungua mlango. Akainama haraka kuondoa viatu vyake vya kazi ili nipite. Nilikuwa nimeishiwa la kugombania, basi nikagombania viatu.