Tela Nne kwa Safari Moja

Kiberenge kilirudi kutoka karakana kikiwa na injini mpya, na genge zima la njia ya reli likakizunguka. Injini ya zamani ilikuwa na nguvu ya farasi sitini. Hii ilikuwa na mia na ishirini.

"Farasi wamezaa!" alisema msimamizi wa genge, akiipiga boneti kofi. "Sasa shemeji, badala ya tela mbili leo unavuta nne. Mataruma yote ya kulalia reli yafike darajani kwa safari moja. Bosi nimeshamwahidi, saa sita njia iko wazi."

Dereva, ambaye genge lilimwita Mama Taratibu, alikizunguka kiberenge kwanza. Msimamizi alikuwa mdogo wa mume wake, na nyumbani walitaniana mpaka chakula kikapoa. Hapa kazini, hata hivyo, ndiye aliyeshika fomu yake ya tathmini. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku hiyo. Bila sahihi ya msimamizi angerudi kwenye sululu na nyundo, kazi aliyoifanya miaka tisa na ambayo mgongo wake ulikuwa haujaisahau.

Aliinama, akachungulia chini ya kiberenge.

"Breki wamebadilisha?"

"Za nini? Zilikuwa nzima."

"Na uzito ni tani nne zilezile. Injini inavuta, shemeji, lakini kinachoshika reli ni uzito. Tela zenyewe hazina breki."

"Haya, ameanza!" Genge likacheka. "Hata kuwasha hujawasha."

Hilo lilikuwa kweli, naye akalikubali. "Basi tujaribu hapa kwenye mteremko wa stoo. Watu wote washuke."

Kupanda, kiberenge kilimuumbua. Alitazamia magurudumu yateleze, lakini kilizivuta tela nne zilizojaa bila hata kukohoa.

"Mama Taratibu, sema sasa!" msimamizi alipiga makofi.

"Nimekosea," alisema. "Kinapanda."

Kisha akafunga kitambaa kwenye kigingi kando ya reli. Akateremka kwanza na tela mbili, mwendo wa kawaida, akakanyaga breki alipofika kwenye kitambaa. Kiliposimama alishuka, akarudi nyuma akihesabu: hatua ishirini na nane. Akarudia na tela nne, mwendo uleule, breki palepale. Safari hii alihesabu kwa sauti, na alipopita arobaini vicheko vilikwisha. Hatua sitini na moja.

"Na hapa reli ni kavu," alisema. "Kule bondeni umande haujakauka, na wenzetu wanaotusubiri wako juu ya daraja."

Msimamizi alitazama saa yake. "Safari mbili tutachelewa saa mbili nzima."

"Najua."

"Nikikubali watasema nambeba shemeji yangu. Naweza kumwambia fundi akiendeshe."

Fundi aliyekileta kiberenge akainua mikono juu. "Mimi niliambiwa nilete injini tu, mkubwa."

Mama Taratibu alichomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha msimamizi. "Mbili nitaendesha. Nne siwezi."

Msimamizi aliugeuzageuza. Halafu akamrudishia bila kumtazama. "Fungueni tela mbili," aliliambia genge.

Njia ilifunguliwa saa nane. Jioni Mama Taratibu alisimama mlangoni mwa ofisi, mikono bado na grisi, akamsikia msimamizi kwenye simu: "Ndiyo, bosi... Hapana, injini ni nzima. Hesabu yangu ndiyo iliyokuwa na kasoro." Simu ilipokatwa, msimamizi alivuta droo, akatoa fomu, akaanza kujaza polepole. Alipomaliza aliisukuma upande wa pili wa meza.

Palipoulizwa *Je, dereva anatii maagizo?* alikuwa ameandika: *Si yote.* Chini kabisa: *Anafaa kuthibitishwa*, na sahihi yake.

Mama Taratibu aliisoma mara mbili. "Hii ya kwanza huwezi kuifuta? Makao makuu watanielewa vibaya."

"Watanipigia simu kuuliza."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia waje na viatu vya kutembelea," alisema shemeji yake, "tukawahesabie hatua."