Gome la Tatu

Jumamosi ya pili ya mwezi Juni, baada ya kuanua nguo, Custódia alimkalisha mumewe kwenye kigoda uani, akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Mlio ulikuwa mkavu, wenye uwazi ndani yake. Akagonga tena chini ya bega la kushoto ili ajiridhishe.

"Limekomaa," alisema. "Tena safari hii ni laini kama meza."

"Ngoja tufike Setúbal," Zeferino alijibu. "Huko utanimenya kwa raha zako, tunaangalia bahari."

Zeferino alikuwa na miaka sitini na sita. Arobaini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza kwenye shamba la Vale Mouro, akibandua kwa shoka magome ya mialoni, yale yanayotengenezwa vizibo. Gome lake mwenyewe lilianza kuota mgongoni alipokaribia arobaini. Daktari wa Grândola alilitazama, akamwandikia mafuta ya kupaka, nayo yakamsaidia kikohozi. Custódia alimmenya mara ya kwanza mwaka 1998, akapata kitu kigumu chenye nyufa kisichofaa kwa lolote, akakitengenezea viota vya kuku. Miaka tisa baadaye alimmenya tena, akaunda chombo cha kubebea chakula, na tangu hapo mchuzi wa Zeferino ulifika saa sita mchana ukiwa wa moto kuliko wa wenzake. Shamba zima lilijua. Lakini gome la kwanza na la pili halitoi vizibo vya chupa, liwe la mti au la mtu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kusema.

Hili sasa lilikuwa la tatu, na la tatu ndilo lenye vizibo.

Custódia hakulitilia maanani kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa baharini. Binti yao Ilda alikuwa amewaandalia chumba Setúbal, ghorofa ya nne, dirisha limeelekea majini. Custódia alizaliwa bara, akaolewa bara, na bahari alikuwa ameiona mara mbili tu, mara zote mbili kukiwa na ukungu. Masanduku mawili alishayafunga. La tatu lilikuwa linasubiri masweta. Zeferino alikuwa amebakiza siku sita za kazi, kisha ni kustaafu na basi la saa nne asubuhi.

Siku ya sita jua lilikuwa kali kupita kiasi. Zeferino alipiga shoka kwenye mwaloni wake wa mwisho, akasikiliza, akapiga tena. Shoka likiingia sawasawa mlio unakuwa mtupu, nawe unajua gome limeshaachana na shina. Aliyazungusha makali yake kidogo, akachomeka ncha ya mpini, gome likafunguka kama mlango wa kabati. Ngozi ya ndani, ile wanayoiita mama, ilibaki bila mkwaruzo. Ukimjeruhi mama, mti unakukumbuka. Kisha akavua shati ajimwagie maji.

Belchior, msimamizi wa shamba, alikuwa anapita na kopo la rangi nyeupe. Alisimama, akamgonga mgongoni mara mbili.

"Zeferino, hili ni la ngapi?"

"La tatu."

"Aisee," alisema Belchior, akaenda kupiga simu.

Kesho yake mwenye shamba, Dona Eugénia, alifika nyumbani kwao na sahani ya biskuti za lozi pamoja na mhandisi wa misitu, kijana mpole aliyefuta viatu mlangoni bila kuambiwa. Mhandisi alimwomba Zeferino asimame wima, akapima mita moja na sentimita thelathini kutoka sakafuni, akamzungushia utepe hapo. Mti wenye chini ya sentimita sabini haubanduliwi. Zeferino alikuwa na mia moja na nne.

"Anapita," alisema mhandisi, akakunja utepe.

"Anapita kwenda wapi?" Custódia aliuliza. "Huyu keshokutwa anapanda basi."

Mhandisi alieleza kwa upole. Mwaloni wa vizibo unalindwa na sheria. Haukatwi, haung'olewi wala hauhamishwi bila kibali, na kibali hutolewa kwa mti uliokauka au unaoumwa.

"Basi anaumwa. Kohoa, we mwanamume."

Zeferino akakohoa. Mhandisi alisikiliza kwa makini, akasema samahani, kikohozi hakimo kwenye magonjwa ya miti.

"Custódia, mpenzi," alisema Dona Eugénia, "usikasirike. Zeferino kwetu ni kama ndugu. Mialoni hii yote aliipanda babu yangu."

"Huyu hakupandwa na babu yako. Alizaliwa Alcácer, mama yake nilimjua."

"Lakini ameota kwenye ardhi yangu."

Custódia alimgeukia mumewe aseme neno, naye Zeferino alikuwa anakula biskuti. Hapo ndipo alipokasirika kwelikweli. Dona Eugénia na sheria yake angeweza kuwasamehe, lakini si utulivu ule wa mumewe, kusimama tu kama mtu aliyezoea kusimama.

"Na mimi je?" aliuliza.

Mhandisi aliomba radhi, akamgonga begani kwa kalamu, akasikiliza.

"Wewe shangazi huna kizuizi. Nenda popote."

Walipoondoka, Custódia alikaa kitandani kati ya masanduku yake kwa muda mrefu. Aliwaza dirisha la ghorofa ya nne. Aliwaza pia nani atamkuna Zeferino mahali pale asipopafikia. Akaanza kutoa masweta, moja moja, akiyatukana.

Kazi ilifanyika Jumatano. Kwa kuwa mbanduaji hodari kuliko wote pale Vale Mouro alikuwa Zeferino, na mgongo wake hakuweza kuufikia, alimwelekeza Belchior.

"Usikandamize. Sikiliza kwanza. Sasa geuza. Taratibu, usimguse mama."

"Nyamaza, Zeferino, miti mingine haiongei."

Gome lilitoka kipande kimoja, kizima, na watu wakalisifia unene wake. Belchior alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamchorea namba sita mgongoni, maana ulikuwa mwaka 2016, kama walivyochorewa wenzake wote kutoka kisimani mpaka barabarani. Sheria inasema ipite miaka tisa ndipo mti uguswe tena. Dona Eugénia alimpa mkono na kumwambia wataonana mwaka 2025, akamruhusu kutembea mpaka getini.

Ilda alipiga simu akalia, akasema ataajiri wakili. Wakili aliandika barua nzuri sana. Ilijibiwa kwamba mwenye mti ameridhika.

Maisha yakaendelea. Custódia alimwogesha kila Jumamosi, akiizunguka ile namba, kwa kuwa kuifuta ni kosa. Januari, siku magome yalipochemshwa kiwandani, Zeferino alikaa kibarazani kwenye baridi akatokwa na jasho saa nzima, akasema hajawahi kujisikia vizuri hivyo. Siku ya kutoboa vizibo alitekenywa kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Alicheka mpaka machozi, na Custódia, aliyekuwa bado amemnunia, akajikuta anacheka naye.

Kisha chupa zikaanza kufunguliwa. Kila kizibo kilipochomolewa, kokote kule, Zeferino alihisi kitu kinamvuta mgongoni, kidogo tu, kama shati lililonasa kwenye msumari. Baada ya wiki chache akawa anajua ni wapi.

"Hiyo ni Lisbon. Harusi."

"Bibi harusi mzuri?"

"Anaongea sana."

Nyingine ilikuwa mbali, kwa watu wenye lugha ya kukwaruza koo. Nyingine ilifunguliwa msibani, akanyamaza nayo mpaka wakamaliza. Custódia hakupenda mgongo wa mumewe utembee dunia nzima na mwenye mgongo aishie getini, na alimwambia hivyo hivyo. Zeferino alisema hata yeye hapendi. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na Custódia akaacha kununa siku hiyo hiyo.

Jumapili moja ya Agosti walikuwa mezani, supu baridi ya nyanya mbele yao. Zeferino alisimamisha kijiko hewani.

"Hii ni Setúbal."

"Umejuaje?"

"Kuna upepo wa chumvi. Ilda anamwambia mtu asogeze kiti."

Custódia aliweka mkate chini. Alizunguka meza, akasimama nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni.

"Bahari unaiona?"

Zeferino alifumba macho.

"Wameniweka mezani," alisema. "Natazama ukuta."

Custódia alivuta kiti chake, akaketi hapo hapo nyuma yake, kiganja hakukiondoa.

"Tusubiri," alisema. "Huenda mtu akakugeuza."